Miaka ishirini ya kuweka akiba kwenye majina ya watu

Bibi yangu mzaa mama, kule Matombo, hakujua kusoma wala kuandika. Sahihi yake ilikuwa dole gumba. Lakini shamba lake la migomba na minazi lilikuwa lake, na hakuna mwanaume aliyethubutu kulinyooshea mkono, kwa sababu kwetu Waluguru ardhi hupita upande wa mama. Babu alipooa alihamia kwa bibi, na akiudhika alijua nani mwenye kwake. Mimi mjukuu nilifika kidato cha nne, nikajua kuandika barua ya kuomba kazi na kujaza fomu, na bado nikatimiza miaka 48 bila kuwa na mali hata moja iliyoandikwa jina langu sawasawa.

Sikuwa mvivu wa kuweka akiba. Tangu nimeanza kushika mshahara sijawahi kukaa mwaka mzima bila kuchangia kitu mahali fulani. Niliweka, tena sana. Sikuangalia tu ninamwekea nani.

Kazi ya kwanza niliipata Januari 1998, karani wa stoo kwenye kampuni binafsi hapa Morogoro. Kila mwisho wa mwezi tulipewa salari slipu, kikaratasi chembamba chenye mistari, na mstari mmoja ulisema NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mwenzangu wa stoo alinifafanulia kwamba mchango ni asilimia 20 ya mshahara: kumi inakatwa kwangu, kumi anatoa mwajiri. Nilifurahi kama mtu aliyeokota. Niliona kama nina mzee wa pili nyumbani anayenitunzia. Slipu zenyewe nilizifungia maandazi. Si mafumbo, mama yangu alikuwa anauza maandazi na karatasi hazitoshi.

Nikaacha pale Novemba 2004, nikaolewa Desemba, na Februari 2005 nikapata kazi nyingine kwenye jiko la shule moja ya bweni, msimamizi wa chakula. Ofisa utumishi akaniuliza, "Mama, una namba ya uanachama?" Kadi yangu ilikuwa kwetu, kwenye sanduku, na mimi nilikuwa bi harusi mpya ninayetaka kuonekana sina mambo mengi. Nikasema sina. Akanisajili upya, safari hii kwa jina la mume. Kwa hiyo nikawa wanachama wawili: binti wa fulani na mke wa fulani. Makosa yote niliyofanya baadaye niliyafanya kwa machozi au kwa shida. Hili nililifanya kwa kicheko, na ndilo lililonigharimu muda mrefu kuliko yote.

Agosti 2010 shule ikapunguza wafanyakazi. Nilikuwa na miezi 67 kwenye ile namba ya pili. Siku hizo kulikuwa na fao la kujitoa. Ukiacha kazi unachukua michango yako yote. Tulikwenda kundi zima la tuliopunguzwa, tukijaza fomu huku tunataniana. Hakuna aliyetuambia kwamba pensheni ya uzee inadai michango isiyopungua miezi 180, na kwamba ukichukua pesa umechukua na miezi. Labda waliotakiwa kutuambia walituambia na sisi tulikuwa tunahesabu bati. Nililipwa shilingi 2,340,000.

Ile pesa ilikwendaje? 1,500,000 zilinunua kiwanja Kihonda. Mkataba wa mauziano uliandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wakaweka sahihi, mwenyekiti akapiga muhuri. Mnunuzi: mume wangu. Mimi nilikuwa nimekaa benchi hilohilo, pesa nimeifunga kwenye upande wa khanga, nikaihesabu mwenyewe mezani. Mwenyekiti akauliza, "Tuandike jina la baba, siyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Hakunilazimisha mtu. Niliona kusema "niandikeni na mimi" ni kama kumtangazia ndoa yangu haina amani. 500,000 zilikwenda kwenye harusi ya shemeji, kamati ilinipangia kiwango na sikutaka aibu. Zilizobaki zilikuwa sufuria, jiko la mkaa na meza ya kuanzia biashara ya mama lishe karibu na stendi ya Msamvu.

Biashara hiyo ndiyo iliyojenga. Narudia, maana baadaye nililazimika kulirudia mbele ya hakimu: wali, maharage na dagaa ndivyo vilivyopandisha tofali. Mume alikuwa dereva, wa safari nyingi na pesa za mara moja moja. Yeye alinunua bati, zinaonekana ukiwa barabarani. Mimi nilinunua saruji mfuko mmoja mmoja, nayo ikishamwagwa chini nani anaikumbuka?

Pembeni nilikuwa na kikundi cha kuweka akiba. Wanawake 28, hisa moja shilingi 2,000, kila Jumamosi alasiri, sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Kikundi ni kitu kizuri na sitakitukana. Mama alipopata kiharusi mwaka 2013 mfuko wa jamii wa kikundi ulinifikia hospitalini kabla ya ndugu wa damu. Lakini mwaka 2014, wiki mbili kabla ya siku ya kuvunja na kugawana, tuligundua sanduku lina mafungu ya karatasi. Funguo tatu zilikuwa zimeishia kwenye nyumba moja, kwa sababu wenye funguo walichoka kuja na wakawa wanamwachia mweka hazina. Naye alikuwa anakopesha watu wa nje kwa riba ya kwake. Changu humo kilikuwa 860,000. Nilirudishiwa 200,000 na maneno mengi.

Kwa kuwa nilikuwa nimepanga hela ya kuvunja ilipe ada, nikaingia kwenye mikopo ile tunayoiita kausha damu. Unachukua laki mbili Jumatatu, Jumatatu inayofuata mkopeshaji anakaa kwenye benchi lako mpaka utoe rejesho. Nilikaa humo miezi saba. Nikipiga hesabu sasa, riba niliyolipa ingetosha ada ya mtoto mwaka mzima na sare juu.

Niliseme na hili la kuuguza, kwa sababu halimo kwenye hesabu za mtu yeyote. Tumezaliwa watano, wanaume watatu. Mgonjwa akilazwa, simu hupigwa kwangu. Kaka zangu walituma hela, nawashukuru. Mimi nilifunga biashara wiki tisa. Hakuna aliyeuliza wiki tisa za mama lishe ni shilingi ngapi, na hata mimi sikujiuliza mpaka nilipofungua tena na kukuta wateja wamehamia meza ya jirani.

Ndoa ilivunjika mwaka 2016. Sababu ni zetu. Kilichonipeleka mahakamani si hasira bali ni kwamba mwenzangu alianza kuonyesha wanunuzi ile nyumba. Nilianzia baraza la usuluhishi la kata, maana mahakama haipokei shauri la talaka hivihivi kabla ya baraza kujaribu kusuluhisha, isipokuwa kwa sababu maalumu. Ndipo nikafika Mahakama ya Mwanzo. Msaidizi wa kisheria mmoja, binti mdogo wa umri wa kuwa mwanangu, aliniambia mambo mawili. La kwanza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huichukulia mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja kuwa ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. La pili, kwamba mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja, na tangu ile kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, hata kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango. Nikauliza Bi Hawa alipata nyumba? Akacheka kidogo, akasema hapana, mwenyewe hakuambulia kitu, rufaa yake ilikataliwa. Alitufungulia mlango akabaki nje.

Hakimu aliniuliza swali moja ambalo bado nalisikia: "Mama, ushahidi wa mchango wako uko wapi?" Sikuwa na risiti ya saruji hata moja. Nilichokuwa nacho ni karatasi ya benki ya 2010 inayoonyesha malipo yangu ya 2,340,000 kuingia, na ule mkataba wa kiwanja wenye tarehe ya siku tisa baadaye. Karatasi hiyo ilipona kwa bahati, ilikuwa imeshikilia picha ya ubatizo wa mtoto kwenye albamu. Nyumba iliuzwa, na mwaka 2018 nikapata mgawo wa 5,200,000. Wapo waliosema nimepunjwa. Mimi nilijua bila ile karatasi ningetoka na sufuria.

Miaka 48, milioni tano, watoto wawili shuleni. Mtu mwenye akili angetulia. Mimi ndani ya mwezi nilipoteza 600,000. Mama mmoja tunayesali naye alinionyesha kwenye simu mpango wa kuweka laki na kuvuna laki tatu ndani ya siku 40. Yeye alikuwa ameshavuna kweli, niliona ujumbe wa muamala. Alivuna ya kwangu na ya wenzangu, na mzunguko uliofuata akalizwa na yeye. Sijamchukia. Ila tangu hapo, mtu akinitajia faida kabla hajanieleza pesa inafanya kazi gani, naaga.

Aliyenishika mkono ni jirani yangu muuguzi. Aliniuliza kwa upole, "Dada, zile za NSSF za kazi yako ya kwanza ulizichukua?" Nilikuwa nimezisahau. Kweli kabisa. Nilichukua za namba ya pili mwaka 2010, zile za 1998 hadi 2004 zilikuwa zimelala kwa jina la usichana.

Kuzifufua kulinichukua miezi minane. Kitambulisho cha Taifa kilikuwa na majina matatu, usajili wa 1998 ulikuwa na mawili, na lile la katikati liliandikwa kwa herufi L badala ya R, mambo yetu ya kutamka. Mwaka wa kuzaliwa ulipishana kwa mmoja. Nikala kiapo kwa wakili kuthibitisha kwamba majina yote hayo ni mimi, nikatafuta cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, amri ya talaka. Ofisa niliyemkuta alikuwa mvumilivu kuliko mimi. Siku alipotoa taarifa ya michango nilitegemea kuona miezi 83, Januari 1998 hadi Novemba 2004. Ilikuwa 61. Miezi 22 mwajiri alinikata asilimia yangu na hakupeleka chochote. Ofisa akaniuliza kama nina salari slipu za miezi hiyo, ili wafuatilie. Nikakumbuka maandazi. Na kampuni yenyewe ilishafungwa zamani, geti limeota miti.

Nilikaa nje kwenye ukuta nikapiga hesabu kwenye simu. 180 kutoa 61 ni 119. Karibu miaka kumi. Kama nisingechukua zile 67 za mwaka 2010, ningekuwa na 128, zimebaki 52. Miaka minne na kidogo. Kiwanja cha Kihonda, harusi ya shemeji na sufuria vilinigharimu miezi 67, na miezi hiyo haiuzwi popote. Nililia pale, silifichi, mlinzi akaniletea maji.

Jirani akaniambia, "Utazeeka tu, uchangie usichangie." Nilianza Januari 2019 kwa hiari, kama mtu aliyejiajiri. Mwanzo nilikuwa natoa 20,000 kwa mwezi. Siku hizi ni 30,000, ndicho kiwango cha chini kwa sisi wa sekta isiyo rasmi, nalipa kwa simu kwa kontrolo namba. Nina kopo jikoni, kila siku noti ya elfu moja inaingia kabla sijanunua mkaa. Usiku hakuna kinachobaki, nimeshajaribu. Mwaka 2020 niliruka miezi mitano, stendi ilikuwa tupu kwa sababu ya korona. Hadi Desemba 2025 nina 79 za hiari, ukijumlisha na 61 ni 140. Zimebaki 40. Machi 2030 natimiza miaka 60, kwa hiyo nina nafasi ya kuyumba kidogo, si sana.

Sijidanganyi kwamba pensheni ya mtu anayechangia 30,000 itanipa maisha ya mheshimiwa. Ndiyo maana sikuweka vyote humo. Baada ya kulizwa, kulipa madeni na ada, nilibaki na milioni mbili na nusu. Milioni moja niliweka UTT AMIS, wanaoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, ambao unaweza kuuza vipande vyako vya mfuko na kupata pesa ndani ya siku chache za kazi. Hiyo ni ya ugonjwa na msiba, ili nisirudi tena kausha damu. Iliyobaki nikaweka mfuko wao wa Hatifungani ulipoanzishwa mwaka 2019, na huo naongeza kila nikipata tenda ya kupikia harusi au semina. Unanunua vipande, bei ya kipande inatangazwa, unaiona kwenye simu inavyosogea taratibu. Taratibu mno kwa mtu aliyeonja siku 40. Mwaka wa kwanza nilikuwa naangalia kila asubuhi nikasonya. Siku hizi nasahau wiki nzima.

Hatifungani za serikali zenyewe, yaani kuikopesha serikali kwa riba, nimezisogelea, sijaingia. Mnada wa Benki Kuu unaanzia shilingi 1,000,000, riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, na zipo za miaka miwili mpaka 25. Kwa umri wangu ya miaka 25 ni ya mjukuu. Mwenye miaka 30 na milioni moja iliyotulia na aisikilize hiyo.

Kikundi sijaacha. Ila niko kwenye cha watu 15, kimesajiliwa, na kila Jumamosi tunahesabu fedha kwa sauti mbele ya wote, hata mvua inyeshe. Siku niliyopewa ufunguo nilikataa kumwachia mtu hata nilipokuwa na malaria. Nilimtuma mtoto nao shingoni.

Huyu jirani muuguzi naye alikuwa na lake. Ni mtumishi wa umma, aliajiriwa na kuchangia bila kukatika, nilimwona kama amefika. Alistaafu 2023. Miaka yote alikuwa amepigia hesabu mkupuo wa asilimia 50, akamwahidi fundi, akamwahidi kijana wake gari la biashara. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao, kilikuwa kimebadilika Julai 2022, mkupuo ukawa asilimia 33, sehemu kubwa inakuja kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha kwa watumishi wa kundi lake kuwa asilimia 40. Alilalamika sana. Halafu mwaka jana nikamsikia anamwambia mwenzake kwamba ile ya kila mwezi ndiyo wanawe wameshindwa kumkopa. Sijui kama alikuwa anasifu au analia. Alilonifundisha ni kwamba usimwahidi fundi pesa iliyo kwenye kanuni, kanuni zina wenyewe.

Na watoto? Tumelelewa kuamini mtoto ndiye kiinua mgongo. Wanangu wananipenda. Wa kwanza ana bodaboda na mke mjamzito, anachokipata kinaishia kwake, na sitaki kuwa mgonjwa wa kwanza kwenye bajeti yake. Nilipojaza jina la mrithi kwenye mfuko wa vipande niliwaandika wote wawili, nusu kwa nusu, majina matatu matatu kama yalivyo kwenye vyeti vyao. Nilirudia kuyasoma mpaka dada wa dirishani akatabasamu.

Binti yangu amepata kazi Oktoba, uhasibu, kampuni ya usafirishaji. Mwezi wa kwanza umeisha amekuja na soda na kitenge. Nikamwambia kitenge nimekipokea, nionyeshe salari slipu. "Mama, hata mshahara wenyewe sijaugusa!" Akaitoa kwenye pochi kwa kununa. Mstari wa NSSF upo, makato yapo. Jina la katikati limeandikwa na L.

Asubuhi yake alichelewa kazini kwa sababu nilimshikilia mlangoni mpaka aniahidi ataanzia ofisi ya utumishi. Saa nne akanitumia picha ya fomu iliyorekebishwa. Slipu yenyewe iko kwangu, nimeichomeka kwenye albamu.